Mgongo Uliokataa Kukanyagwa

Maumivu yaliposhuka kutoka kiunoni mpaka kisiginoni, niliacha dagaa mchangani nikarudi nyumbani Ujiji nikishika kuta. Huku mwaloni, ufukweni tunakoanika, mwanamke hugeuza dagaa miguu imenyooka, kiuno kimekunjwa. Ukichuchumaa, wanasema umezeeka. Nami nilijisifu kwamba sichuchumai.

Wifi yangu alikuja na mawese ya moto.

"Lala kifudifudi, nikupake. Halafu mama mkandaji akukanyage. Mimi alinikanyaga, kesho yake nikabeba ndoo."

"Wewe una mgongo wa punda, wifi. Wangu wa binadamu."

"Sema unaogopa!"

Niliogopa kweli. Mguu wa kushoto ulikuwa na ganzi, kandambili inachomoka sina habari. Niliogopa kupooza na watoto bado wananitegemea. Lakini nikasema, hakanyagi mtu mgongo asioujua ndani una nini. Nikaswali Adhuhuri nimekaa kitini, nikaita bajaji ya kunipeleka hospitali. Wifi akapanda naye, amenuna.

Daktari alikuwa binti mdogo. Aliniamkia kwanza, kisha akauliza bila kupepesa: mkojo unakutoka wenyewe? Choo je? Huko chini kuna ganzi? Umeanguka, una homa, umekonda? Wifi akatazama dirishani kwa aibu. Kote nikajibu hapana. Akainua mguu wangu, akagonga goti kwa kinyundo, akanitembeza kwa visigino. Wa kushoto ulilegea kidogo.

"Mama, katikati ya pingili za mgongo kuna kitu laini kama mto. Kimoja kimechomoza, kinabana mshipa wa fahamu."

"Nitapasuliwa?"

"Hapana. Wengi hupona kwa dawa, mazoezi na kutembea. Usishinde kitandani. Ila mguu ukizidi kulegea, mkojo ukigoma au ukijitokea wenyewe, au ganzi ikishika mapaja kwa ndani, usingoje kesho. Njoo hata usiku."

"Na kukanyagwa?" wifi akauliza kwa sauti ndogo.

"Mnaweza kumharibu kabisa."

"Alhamdulillahi sikukubali," nikasema, kwa nguvu mpaka wagonjwa wa kwenye benchi nje wakaitikia. Nililia pale pale. Wifi akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, akaninong'oneza, "Basi twende, punda wako nikusindikize."

Nilitembea kila asubuhi, nikafanya mazoezi yale mpaka watoto wakayakariri. Ganzi ilitoka taratibu, pajani kwa nje kwanza, kisha kwenye shavu la mguu. Imebaki kwenye kidole cha mwisho tu. Hicho nimekiachia kilale.