Mkate wa Wageni Wangu

Naweza kukutembeza katika mji mdogo wa Ubelgiji, upande wa watu waitwao Waflemi, mji ambao sijawahi kuukanyaga. Tungeanzia uwanja wa soko, maana ndipo njia zote zinapotoka. Hapo pana mnara mrefu wa matofali wenye kengele nyingi, na kengele hizo hazitangazi saa tu, hupiga nyimbo nzima. Ukipanda ngazi mpaka juu, unaona mashamba yamelala bapa kila upande, hakuna kilima hata kimoja. Ukishuka, unapita nyuma ya kanisa na kuingia kwenye ua wa vijumba vyeupe ambamo zamani waliishi wanawake wasioolewa, wakisali na kufuma lesi. Kisha unafika kwenye mfereji mkubwa. Maji yake hayana haraka, na kando yake kuna njia ya watu na baiskeli chini ya miti mirefu iliyopandwa kwa mstari. Mbele kidogo kuna kinu cha upepo ambacho Jumapili bado husaga ngano. Ukichoka, kuna nyumba ya kahawa yenye kibao dirishani, kinachosema kwamba mteja anaruhusiwa kula mkate wake mwenyewe aliokuja nao, mradi anunue kinywaji.

Kikumbuke kibao hicho. Mimi siku ilipofika sikukikumbuka.

Haya yote niliambiwa na mzee mmoja na mkewe, kwenye baraza la nyumba ya wageni ya parokia, huko Malindi, miaka ya themanini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi jirani na hapo, na wao walikuwa wamekuja kuiona shule ambayo kanisa lao liliisaidia vitabu. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya posta. Maisha yake yote alipeleka barua kwa baiskeli, kwa hiyo hakuna mlango wa mji wake asioujua. Kiingereza chao kilikuwa cha polepole na changu cha polepole, basi tulielewana. Alinichorea mji juu ya meza: kikombe kikawa mnara, kijiko kikawa mfereji, bakuli la sukari likawa kinu.

"Kwetu," alisema, "mgeni akija tunamzungusha kwa miguu kabla ya jambo lolote. Ili ajue yuko wapi."

Na mkewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, akaongeza, "Hapa tumeonyeshwa pwani, samaki na magofu. Sasa tuonyeshe mji mdogo kama wetu, ambako watu wanaishi tu."

Nikajibu papo hapo: "Vitengeni."

Nikueleze kwa nini nilijibu upesi hivyo. Mimi ni mtu wa bara. Nilikuja pwani kwa kazi, nikaolewa na mtu wa Vitengeni, kimji cha soko ndani kidogo kutoka Malindi, na mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Mama mkwe alinipokea kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yangu. Kila nilipofika nililetewa kiti, kile kimoja cha nyumba chenye mgongo, nikakalishwa kivulini, nikaitwa Mwalimu. "Mwalimu, karibu chai." "Mwalimu, pumzika." Wake wa shemeji zangu waliingia jikoni, walitumwa maji, walikaripiwa kwa kuunguza maharage. Mimi sikutumwa hata kijiko. Mkamwana wa nyumba nilikuwa kwa jina tu. Kwa vitendo nilikuwa mtu aliyekuja kukagua.

Kwa hiyo nilifikiri hivi: nikimpelekea mama wageni wa heshima, mbele ya majirani zake, huenda akaniona kuwa mtoto wa hapo, anayeleta kitu nyumbani. Wifi yangu alikuwa amekuja Malindi kununua mafuta ya kupikia, nikamtuma. "Mwambie mama nakuja na wageni wawili, wazungu, wazee. Mwambie asijisumbue."

"Asijisumbue!" wifi akacheka. "Basi kuku keshakufa."

Kila mtu wa kwetu anajua asijisumbue maana yake nini. Lakini wageni wangu niliwaambia tu kwamba mchana tungepita kumwamkia mama mkwe. Nilisema kumwamkia. Kula sikukutaja, kwa sababu kwetu hakutajwi.

Tulikwenda kwa pikapu ya parokia, mzee mwenyewe akiendesha. Ilikuwa siku ya soko, nami niliwatembeza kama yeye alivyonitembeza juu ya meza: hapa mbuzi, hapa tumbaku, hapa mitumba, kule lambo ambako watu huchota na ng'ombe hunywa maji yale yale. Kilichompendeza zaidi kilikuwa mashine ya kusaga mahindi. Alisimama mlangoni akiusikiliza mtambo, kisha akakinga mkono unga ulipokuwa ukitokea.

"Una joto," alisema. "Unga wa kinu chetu nao hutoka na joto hivi hivi."

Alitoka nyusi na nywele zimejaa unga. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walishika mbavu.

"Jamani, mzungu amezidi kuwa mweupe!"

"Mwacheni, na yeye amepata posho yake."

Mkewe ndiye aliyetazama vifuko. Akaniuliza mbona kila mmoja alibeba mahindi kidogo vile. Nami kueleza ndiyo kazi iliyonilisha, basi nikaeleza vizuri, hatua kwa hatua: kwamba mvua za masika zilikuwa zimetupita mwaka ule, kwamba mahindi huwekwa kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni ili moshi uyalinde na wadudu, kwamba nyumba nyingi uchaga ulikuwa mtupu. Alinibana mkono. Nilifurahi kuona nimeeleweka, wala sikujiuliza angeyafanyia nini niliyomwambia.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mama alikuwa amejifunga leso mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibuni, karibuni sana. Watoto, leteni kiti, tandikeni mkeka!"

Mzee alipewa kiti chenye mgongo, mkewe nami tukakaa kwenye mkeka. Mama akarudi jikoni. Nilisikia harufu ya nazi na nikajua kuna wali, wakati mchele ule ulikuwa wa kununua. Majirani walijisogeza taratibu, wengine wakaegemea ua.

Ndipo yule bibi, mke wa mzee, akatazama saa yake, akafungua mkoba, akatoa vifurushi vya karatasi. Ndani mlikuwa na mkate wa kahawia uliopakwa siagi na kutiwa jibini ya kwao. Kimoja akampa mumewe. Kimoja akakiweka mapajani. Kimoja akanipa mimi, akitabasamu kama mtu aliyekumbuka kila kitu.

Nami nikakipokea. Ndivyo mama alivyonikuta alipotoka jikoni na sinia: nimekaa kwenye mkeka wake, mkate wa wageni mkononi.

Wifi ndiye aliyeanza. "Kumbe wamekuja na chakula chao! Na maji ya kunawa wamebeba, au hayo tutoe sisi?"

"Pengine wamesikia huku kuna njaa," akasema jirani mmoja kutoka uani.

"Au wamesikia huku kuna wachawi," akasema mwingine. Hilo hakuna aliyelicheka.

Mama aliweka sinia chini polepole. Jogoo wake alikuwa pale, ndani ya tui, juu ya wali. "Mwalimu," aliniambia kwa upole, "hebu waulize wageni. Wameogopa nini?"

Leo najua nilichopaswa kufanya. Ningeweka mkate kando, nikacheka, nikanawa mikono, na wale wazee wangenifuata kama vifaranga. Lakini mimi naamini mambo hutengenea yakielezwa. Kama nawe uko hivyo usijione mbaya, ni tabia nzuri siku nyingi. Siku ile haikuwa nzuri. Niliwageukia wageni nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha polepole, pasipo kuacha kitu. Kwamba mgeni akila chake nyumbani kwa mtu, anasema hapa kuna njaa, au anasema chungu cha hapa kina sumu. Kwamba mchele ulinunuliwa kwa ajili yao. Kwamba jogoo alichinjwa kwa ajili yao. Kwamba wale watu wote uani walikuwa wameona.

Wekundu ulimpanda yule bibi kutoka shingoni hadi kwenye nywele. Alianza kuufunga mkate upya, na karatasi ile ilipiga kelele ambayo bado naisikia. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ile ile karatasi. Mzee alisimama, kofia mkononi.

"Tuondoke?" akaniuliza. "Tusingependa kula chakula cha watu wenye njaa. Ndiyo maana tulibeba. Sasa tuondoke?"

Hapo ndipo kibao cha dirishani kiliponijia. Nikamgeukia mama mbio, nikaanza upande wa pili. "Mama, kwao ni heshima. Kwao mtu akienda matembezi hubeba mkate asije akamsumbua mwenye nyumba. Hata kuna nyumba ya kahawa, kando ya mfereji, ina kibao..."

Mama hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akimtazama bibi. "Mbona analia?"

"Nimemweleza, mama."

"Umemweleza nini?"

"Maana ya mkate. Kwetu."

"Mimi nilikwambia uulize!" Sauti yake ilifika uani. "Uulize, basi! Nani alikutuma umwaibishe mgeni kwangu? Mama wa watu avuke bahari aje alie kwenye mkeka wangu? Wewe! Weka huo mkate, inuka, lete maji ya kunawa. Inuka!"

Niliinuka. Niliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikasimama kwenye giza na moshi nisijue birika liko wapi.

"Nyuma ya mlango!" wifi akapiga kelele. "Mungu wangu, mwalimu mzima hajui birika liko wapi!"

Nilipoinua macho niliuona uchaga. Pembeni palikuwa na magunzi machache yenye mahindi. Kwingine kote ni fito tupu, nyeusi kwa masizi. Nilikuwa nimemweleza mgeni habari za uchaga mtupu kama mtu anayefundisha somo, na wa nyumba yangu sikuwahi kuutazama.

Nilipotoka na birika, mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, paja kwa paja na yule bibi. Kifurushi cha bibi alikuwa amekitwaa, amekifungua, na alikuwa anakula mkate. Ile jibini ilikuwa kali. Harufu yake ilinifikia mlangoni. Mama alitafuna kwa muda mrefu, macho yametazama mbele, kama mtu anayekunywa dawa ya mitishamba mbele ya aliyeichemsha.

"Mama, ni tamu?" wifi akauliza.

"Nyamaza."

Akameza. Akakata kipande kingine, akakila nacho. Kisha akasukuma sinia mbele ya bibi na kumwonyesha kwa kidevu. Hakuna aliyenihitaji nitafsiri. Niliwamiminia maji nikiwa nimeinama, na bibi alipoupeleka mkono wake chini ya birika hakuniangalia usoni, wala mimi sikuthubutu kumwangalia. Alikula kwa mkono, wali ukimponyoka, na mama akimkusanyia matonge. Mzee alirudia mara ya pili.

Mimi nilikula baadaye, jikoni, ukoko wa chungu, na wifi.

"Leo umekaripiwa barabara," aliniambia.

"Najua."

"Mimi nakaripiwa kila siku. Sijafa."

Wakati wa kuaga, mama alikamata kuku jike, akamfunga miguu, akamweka mikononi mwa bibi. Bibi akanigeukia kwa macho ya kuuliza. Walikuwa karibu kupanda ndege kurudi kwao. Kuku huyo wangempeleka wapi? Nilifungua mdomo. Mama akanitazama. Nikaufunga.

"Sema asante," nilimwambia bibi, basi.

Mzee alitoa vitu vyote katika mkoba wa mkate, na kuku akasafiri humo mpaka Malindi, kichwa nje. Tulipopita mbele ya mashine wale wanawake walipiga vigelegele: "Posho, na kuku pia!" Mzee akapunga kofia. Bibi alitabasamu kidogo, lakini njia nzima hakuniuliza tena jina la kitu chochote, yeye aliyekuwa akiuliza jina la kila mti. Alikuwa ameogopa kukosea. Nilitaka kumwambia kwamba hakukosea, kwamba aliyekosea ni mimi, na kwa mara ya kwanza maishani sikueleza kitu. Siku waliyoondoka alinikabidhi kuku akanibusu shavuni, na mimi nikasema safari njema.

Niliporudi Vitengeni peke yangu, nilisimama uwanjani na viatu vyangu vya shule, nikingoja kiti. Hakikuletwa.

"Shikamoo, mama," nikasema kuelekea jikoni.

"Marahaba. Wewe, ndoo ziko pale."

Nilivua viatu, nikachukua ndoo, nikashika njia ya lambo. Nilikuwa nimekitaka kitu hicho muda mrefu. Lakini nilipokuwa naenda uso wangu ulikuwa wa moto, kwa sababu nilijua kimelipiwa kwa machozi ya nani.