Zamu ya Baba Kuweka Kanda

Muuguzi akinipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti kabla ya sindano, mimi sifikirii hospitali. Namfikiria baba yangu, Jumamosi jioni, akivua koti mlangoni kwetu Nakuru, na mama akinusanusa kama anayetafuta gesi inayovuja. Vidole vya baba vilinuka spiriti kila Jumamosi. Si pombe, pombe mama angeijua. Ndiyo maana wasiwasi wake ulizidi.

Baba aliendesha lori la viazi kutoka Mau Narok, na nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Alikula, akasema, "Asante, Mama Nyambura," na hayo ndiyo yalikuwa maongezi ya siku. Lakini Jumamosi baada ya chakula cha mchana alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akatia kitu kidogo mfukoni na kwenda mtaa wa Rhonda. Kuona rafiki, alisema. Mama aliyafua mashati hayo mwenyewe, akianza na kola, akizigeuzageuza kwenye mwanga.

Nilipokuwa na miaka tisa, siku moja mama alinifunga kamba za viatu, jambo aliloacha kunifanyia zamani. "Leo utaenda na baba yako. Ukirudi utaniambia nani alikuwa huko."

Baba hakukataa. Alinishika mkono hadi kwenye kibanda cha fundi wa redio. Nyuma ya kibanda palikuwa na chumba chenye mabenchi mawili, na watu watatu wakimngoja: fundi mwenyewe; Mzee Karim, Mhindi aliyewahi kuuza vitambaa mjini; na Mama Chebet, muuza mitumba. Kila mmoja alikuwa amekuja na kanda aliyoisikiliza wiki hiyo. Kabla ya kuweka yake, kila mmoja alisafisha kichwa cha redio, pale kanda inapopita, kwa pamba na spiriti. Kisha hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo hadi upande mzima uishe.

Nilichunguza nyuso zao, nikitafuta lile jambo baya. Mzee Karim alileta nyimbo za filamu za kwao, Mama Chebet nyimbo za harusi za Kikalenjin. Baba aliweka rumba. Ilipoisha, akaanza kueleza jinsi gitaa la pili linavyochelewa kidogo makusudi, na jinsi mwimbaji anavyovuta pumzi kabla ya kulitaja jina la mwanamke anayemwimbia. Mikono yake ilipaa hewani. Sikuwa nimewahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kinywani mwake.

"Wewe masikio yako ni ya daktari!" Mama Chebet akamwambia, na baba akacheka mpaka akapangusa machozi.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Hata nyumbani tulikuwa na redio.

Njiani alininunulia soda. Hakuniomba nifiche chochote.

"Kulikuwa na nani?" mama akaniuliza jikoni.

"Mwanamke. Anaitwa Mama Chebet. Baba amecheka na yeye sana."

Kila neno lilikuwa la kweli. Habari za Mzee Karim, za fundi na za kanda, nilibaki nazo.

Mama hakupiga kelele. Jumamosi iliyofuata, baba akifunga vifungo vya shati, alimwambia tu, "Msalimie Mama Chebet." Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kisha akaketi, akavua viatu.

Baada ya wiki tatu, fundi akaja getini. "Mathe, mzee wako amepotea siku hizi. Na sisi tunamwekea zamu yake kila Jumamosi."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuweka kanda. Tumezoea kuwa wanne. Mmoja akikosa haina ladha."

Mama aligeuka akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo tena. Jioni hiyo alimwambia baba pole, akamsihi aende, hata akampigia shati pasi. Baba alisema hayo yameshapita. Hakwenda tena.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa akiwapa wageni kitu kilichokuwa chetu. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Kule Rhonda watu walimuuliza anasikiliza nini, kisha wakangoja jibu. Sisi tulimuuliza alikuwa wapi.

Mwaka jana, Jumamosi moja tukinywa chai sisi wawili, nilijikaza. "Baba, siku hizi unasikiliza nini?"

Akaweka kikombe chini, akanikazia macho.

"Nani amekutuma?"

Nikamwambia hakuna. Akarudi kwenye chai yake. Ilibidi nije Jumamosi mbili zaidi ndipo akaniamini.