Gauni la Neti

Juzi, rafiki yangu, nilirudi soko la Zhongda, kulekule Uchina nilikokulia, kutafuta vitambaa. Duka la tatu nikakuta ukutani picha ya kuchorwa, rangi zimepakwapakwa harakaharaka: wasichana wa baleti wanajiandaa kupanda jukwaani. Mmoja anafunga utepe wa kiatu, mwingine anajikuna mgongo. Nikasimama kuitazama, sikuondoka. Mwenye duka akanisogezea kigoda.

Picha hiyohiyo, iliyokatwa kwenye kalenda, ilibandikwa juu ya cherehani ya jirani yetu kule mtaa wa Kangle, jirani na soko hilo, nilipokuwa na miaka minane. Tulimwita Ayi, kwa Kichina, kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo. Mimi na mama tulikaa chumba cha pili, ubwabwa wetu wa nazi ya kopo ukinukia pamoja na tangawizi yake na mvuke wa pasi. Nilipochaguliwa kucheza shuleni, Ayi aliitazama ile picha, akanishonea gauni la neti kwa vipande vilivyobaki. Jamani, weupe wake! Sikuwa na kitu kingine duniani.

Mama aliwafungia mizigo wafanyabiashara wa Dar, na sifa yake ilikuwa moja: boksi lake halina upenyo. Palipobaki nafasi alishindilia chochote laini, maana vyombo vikicheza ndani, kwisha habari yake. Siku mbili kabla ya onyesho alifunga glasi za kumpelekea bibi yangu kule Dar. Gauni lilikuwa juu ya marobota, akadhani ni masalio ya neti, akalishindilia katikati ya glasi.

Asubuhi ya onyesho tulipolikosa, mama alisimama katikati ya chumba, mkono mdomoni. Akakimbilia godauni. Kontena lilishakwenda bandari ya Nansha. Mwalimu aliniketisha nyuma ya pazia na sare yangu ya shule, nikawatazama wenzangu wakifungana tepe. Mama alipokuja kunichukua nilimwambia, "Wewe unajali mizigo tu. Mimi si mwanao." Alinibebea begi mpaka nyumbani.

Baada ya wiki kadhaa bibi akapiga simu kushukuru, glasi zote zimefika nzima. Mama alikata simu, akalia. Mimi nikajifanya nasoma.

Sasa mama hayupo. Ayi sijui alikokwenda, jengo lenyewe limevunjwa. Radhi sikuomba, nilidhani muda ninao, mjinga mimi. Siku hizi nafunga mizigo yangu mwenyewe, na nguo siwezi kuishindilia kwenye boksi, mikono inakataa. Naweka magazeti. Glasi zangu hufika zimevunjika.