Mia Saba Hadi Msikitini

Baba yangu hakuwahi kupima njia kwa kilomita. Kutoka nyumbani kwetu Katuba hadi msikiti anakosali Ijumaa ni mia saba: mizunguko mia saba ya pedali, na kila mguu wa kulia unapofika chini anamtaja Mungu mara moja. Subhanallah thelathini na tatu, Alhamdulillah thelathini na tatu, Allahu Akbar thelathini na nne, kisha anaanza mia nyingine. Hata kwenye mteremko hakuacha kuzungusha, ingawa baiskeli ingekwenda yenyewe. Mia ya saba ilimalizikia langoni, karibu na mabomba ya kutawadhia. Amefanya hivyo tangu sijazaliwa, juu ya baiskeli ileile nyeusi isiyo na gia, kinga yake, kama tunavyosema kwetu.

Kiangazi hiki goti lake lilianza kukataa. Baada ya daraja njia inapanda, si sana, lakini inapanda kwa muda mrefu. Ijumaa mbili mfululizo alishuka, akasukuma, akafika hotuba imekwisha. Sisi watoto tukamwomba apande pikipiki ya kukodi. Alijibu kwamba siku atakayobebwa kama gunia la makaa, atabaki nyumbani kusali peke yake. Tulijua kuwa hatanii.

Nikampeleka kwa fundi wake wa baiskeli, Mkatoliki wa familia ya wafanyakazi wa reli iliyotoka kaskazini ya Katanga. Yeye na baba wametaniana miaka mingi. Fundi aliipindua baiskeli, magurudumu juu, akazungusha pedali kwa kidole kimoja na kutazama. Vumbi jekundu lilikuwa limesimama hewani, halipandi wala halishuki, na jua nyuma yake lilikuwa dogo na jeupe kama kidonge. Lile duara la meno linalovuta mnyororo, ambalo mafundi huliita plateau, lilikuwa limelika pande mbili tu, zinazoelekeana.

"Papa, pale njo unasukumaka na nguvu," fundi alisema. "Hii plateau iko munene. Nitakuwekea ya meno kidogo, na mikono ya pedali mupya. Ule mulima utaupanda na kuimba."

"Na mia saba yangu?"

Fundi anaijua ile hesabu. "Meno kidogo, kuzungusha mingi. Itapita mia nane."

"Basi acha."

"Mungu haangaliake meno ya kinga, papa."

"Weye uko na rozari yako. Muntu akiongeza shanga, utakubali?"

"Rozari yangu haipandake mulima."

Walicheka wote wawili, lakini baba alikuwa ameshanyoosha mkono arudishiwe baiskeli. Hapo fundi akaacha utani. Aliuliza polepole, akifuta vidole kwa kitambaa: "Kule kwa mulima, ukishuka unasukuma, unahesabuka nini?"

Ndege ilipita kuelekea uwanja wa Luano, baba akaifuata kwa macho mpaka ikayeyuka katika weupe. Mimi nilikuwa sijalifikiria jambo hilo, na nadhani yeye alikuwa amelikwepa. Anaposukuma, hakuna mzunguko wa mguu. Ijumaa mbili alikuwa amefika langoni na pengo katika hesabu.

"Fungua," alisema.

Fundi alimwaga mafuta ya taa kwenye pini zinazoshika mikono ya pedali, akasubiri, kisha akazigonga kwa nyundo juu ya kipande cha mti. Zilitoka zimepinda. Alipoweka mpya aliziingiza kinyume, moja kutoka juu, nyingine kutoka chini, akanieleza kwamba zikielekea upande mmoja baiskeli inachechemea. Mwisho akatoa vipande kadhaa vya mnyororo, kwa kuwa duara jipya lilikuwa dogo. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki, akitazama mnyororo wake ukifupishwa.

Ijumaa nilimfuata kwa baiskeli yangu, mbali kidogo asijione analindwa. Miguu yake ilizunguka haraka kuliko nilivyozoea kuiona, kama miguu ya mtu mwingine anayeota kuwa ni baba. Tulivuka daraja. Mlimani alipunguza mwendo, akainama, bega moja likishuka kila mara, lakini hakushuka. Juu kabisa sikumwona hata akipumzika.

Kisha, msikiti ukiwa bado haujaonekana, alisimama na kuweka mguu mmoja chini. Nikaelewa kuwa mia ya saba imekwisha. Alitazama barabara iliyobaki mbele yake, ndefu, tupu. Akapanda tena, akaenda taratibu sana, kichwa kikigeuka kushoto na kulia.

Nilimkuta langoni anaegemeza baiskeli ukutani.

"Pale mwisho ulikuwa unasoma nini, baba?"

"Sikusoma kitu. Nilikuwa naangalia tu." Alikunja mikono ya kanzu. "Weye ulijua kama pale kwa kona kuko muntu anauzisha njiwa?"

"Nilijua. Toka zamani."

"Toka zamani," alirudia, akainamia bomba. Ndani hotuba ilikuwa bado haijaanza.