Mafuta ya Kondoo wa Bibi

Baba alipona, na mpaka leo nyumbani kwetu hatujakubaliana ni kitu gani kilimponya.

Nikikutana na harufu ya magome yakichemka ndani ya supu, ule uchungu unaoshika koo kabla hujaonja, narudi jikoni kwetu Tlawi. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa bado watu wa Arusha. Maduka ya Dongobesh yalikuwa yameanza kujaa sabuni za kila rangi, na watu walikuwa wameanza kulipia matibabu.

Macho ya baba yaligeuka manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Hospitali walisema ni ini. Walimtaka apumzike, wakamkataza mafuta na dawa zote za kuchemsha, maana nyingine huliumiza ini lililokwisha kuchoka.

Haukupita muda, bibi mzaa mama akafika kutoka Dirma, kwa wafugaji. Alikuwa anamvuta kondoo mwenye mkia mnene, na kwenye kitambaa alifunga magome yaliyotwangwa. Kwao dawa haichemshwi kwa maji matupu. Huchemshwa na nyama iliyonona, mpaka mchuzi ung'ae.

“Daktari amekataza mafuta, mama,” mama alimwambia.

“Dawa bila mafuta itashika wapi tumboni? Huyo daktari wenu amewahi kuchunga hata mbuzi?”

“Hachungi mbuzi, anatibu watu.”

“Haya. Mumeo akifa, mwambie huyo daktari aje akuoe yeye.”

Chumbani baba, ambaye hata kugeuka kitandani kulimshinda, alicheka.

Mama alipika kama alivyoagizwa, kisha alfajiri akaitoa sufuria nje. Baridi ya Tlawi ikayagandisha mafuta juu, meupe kama nta. Aliyaondoa kwa kijiko, mchuzi akampa baba, mafuta akatuwekea sisi watoto kwenye ugali. Midomo yetu ilikuwa michungu mpaka jioni. Bibi alichungulia bakuli la baba, akauliza mng'ao umekwenda wapi. Tuliendelea kutafuna.

Sisi tulifurahia mafuta tu. Sikujua kwamba mama alikuwa na hofu: akimtii bibi, huenda akamuua mumewe, akimtii daktari, huenda vilevile.

Macho ya baba yalirudi meupe taratibu. Hospitali walisema ini likipumzishwa mara nyingi hujiponya. Bibi alisema ni magome. Nilipokua nilisoma kwamba baadhi ya mimea ina kemikali zinazolikinga ini lisiharibiwe na sumu, na kwamba mingine ni sumu yenyewe. Nikamuuliza mama magome yale yalikuwa ya mti gani.

Akanieleza kwamba kwao anayechimba dawa hautaji mti nyumbani kwa mgonjwa, na yeye hakuuliza. Bibi tumeshamzika Dirma. Baba bado analima. Mti hatuujui.