Vitambaa vya Krismasi Kwenye Mvinje

Leo nacheka, lakini siku ile sikucheka. Mimi ni mwalimu, Mkristo wa Mueda, niliyepangiwa kazi Quitunda, kijiji walichojengewa watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Krismasi yangu ya kwanza huko, upweke ulinizidi. Utotoni mama alikuwa akifunga vitambaa vyekundu na vyeupe kwenye mti wa uani. Basi nami, kwa akili zangu nyingi, nikavifunga kwenye mti wa mvinje nyuma ya nyumba.

Asubuhi ya pili nikakuta unga umemwagwa shinani. Ya tatu, yai na kikombe cha maji ya waridi. Ya nne udi ulikuwa bado unafuka, na mtu hayupo. Nikajua narogwa. Nikasali rozari mpaka vidole vikauma.

Alfajiri ya tano nikajikaza, nikavifungua vitambaa vyangu. Kugeuka, namwona Bi Atija, jirani yangu mtu mzima, amesimama na chetezo mkononi.

"Mwalimu! Unaiba vitu vya mzimu?"

"Mzimu gani, bibi?"

"Wetu. Tuliuacha kule kwenye gesi, kwenye mti wenye vitambaa kama hivyo. Nao umetufuata."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nisamehe, bibi. Nilivifunga mimi, kwa ajili ya Krismasi."

Aliutazama mti, kisha akanitazama mimi.

"Basi jana nilipopiga hodi hapa mtini," akasema polepole, "nani aliniitikia?"