Paka Niliowatupa Yoba

Kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, asubuhi ya kuchungulia majivu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumerudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tukaishi mtaa wa Yoba, hapa Gitega. Jirani yetu Mama Zaituni, mshona nguo, hakuwahi kuondoka nchini. Vifaranga wake walikuwa wanapotea, naye alisema wazi kwamba mwizi ni Yohana, fundi mwashi aliyerudi pamoja nasi. Watu wakaacha kumpa Yohana kazi. Wengine wakaacha hata kumsalimia.

Mimi nilipenda sana kujua mambo. Nikajiuliza, ni mwizi gani huyu anayeacha kuku mkubwa akachukua kifaranga? Jioni nikanyunyiza majivu mbele ya banda la Mama Zaituni. Kulipokucha nikakuta nyayo ndogo za mviringo. Ziliendelea kwenye tope, nami nikazifuata mpaka kwenye tanuri la matofali lililoachwa. Ndani mlikuwa na paka watano, wamekonda, wakali. Manyoya yalitapakaa chini: ya vifaranga, na ya nyamanza, wale ndege wadogo waliokuwa wakitembea uani kwetu wakitikisa mikia. Nilikuwa nikishangaa wamehamia wapi.

Paka mmoja alikuwa na doa jeupe puani, kama paka wetu. Hapo nikajua. Mwaka uliotangulia niliwabeba watoto wa paka wetu kwenye kikapu nikawaacha palepale, nikijiambia watakula panya.

Niliogopa, sikufichi. Nilinyamaza siku mbili, kisha nikaenda kumweleza Mama Zaituni. Akasimamisha cherehani.

“Kuku nitapata ingine,” akasema. “Lakini ile maneno mi nilisemea Yohana, nitairudisha namna gani?”

“Twende wote,” nikamwambia.

Tulimkuta Yohana akifunga vyombo vyake. Alitusikiliza mpaka mwisho.

“Kule niliitwa mkimbizi, hapa mwizi,” akasema taratibu. “Nilitaka tu mahali pa kuitwa jina langu.”

Mama Zaituni alimwomba msamaha mbele ya majirani, naye akaupokea. Lakini wiki ileile Yohana alihamia mji wa Bukirasazi. Paka tuliwanasa wawili tu. Watatu hawakushikika, na vifaranga waliendelea kupungua mwaka mzima, safari hii kila mtu akijua ni kwa sababu yangu.

Basi mwanangu, ukifuga paka, mlishe, na usiku alale ndani. Akizaa, mtafutie kila mtoto mtu wa kumpokea kabla hujamtoa mkononi. Ukimtupa hatakufa njaa kimya kimya. Atakula kuku wa jirani, atamaliza ndege ambao hakuna aliyewafuga. Na kitu kikipotea, chunguza kwanza, tena anzia kwako, ndipo utaje jina la mtu.

Mungu akujalie nyumba yenye amani na shamba linalozaa, na siku utakapokosea, akupe miguu ya kwenda kubisha hodi kwa uliyemkosea.